Je, Intel na Nvidia zitaungana kama AMD ilivyoinunua ATI?

Msomaji wa Mwanza anayehariri video za harusi anauliza: "Nimesikia Nvidia imeweka pesa nyingi Intel. Je, huo ndio mwanzo wa kuungana, kama AMD ilivyoichukua ATI zamani? Laptop yangu imechoka. Nisubiri hizo chipu zao za pamoja au ninunue sasa?"

Ndugu msomaji, Intel na AMD huuza prosesa za kompyuta, na Nvidia, kama ATI ya zamani, inajulikana kwa chipu za michoro (graphics), yaani zinazochora picha za skrini. Kuungana kamili sikutarajii, kwa sababu leseni na sheria za ushindani zimeuziba mlango huo. Chipu ya pamoja ipo njiani, wenyewe wameitangaza. Kuhusu laptop, nunua sasa. Sababu zimo katika yale yaliyowapata waliotangulia.

Tuanze na kilichofanyika hasa. Tarehe 18 Septemba 2025 Nvidia ilitangaza kwamba inanunua hisa za Intel za dola bilioni 5, kila hisa kwa dola 23.28. Ukipiga hesabu unapata hisa zipatazo milioni 214, yaani chini ya asilimia 5 ya kampuni nzima. Mwezi mmoja kabla yake serikali ya Marekani ilikuwa imekubaliana na Intel kuchukua karibu asilimia 10, kwa dola 20.47 kwa hisa. Kwa hiyo Nvidia ni mwenye hisa mmoja kati ya wengi, wala si mwenye kampuni. Pamoja na hisa hizo kuna kazi mbili walizokubaliana. Kwa seva, Intel itatengeneza prosesa za x86 (mfumo wa maagizo ambao prosesa za Intel na AMD hufuata) kwa vipimo vya Nvidia, na Nvidia itaziingiza kwenye mitambo yake ya akili unde. Kwa kompyuta zetu za mezani na laptop, Intel itatengeneza na kuuza yenyewe chipu yenye viini vya x86 pamoja na kipande cha michoro cha Nvidia, cha aina ya RTX. Tangazo halikuweka tarehe ya bidhaa hizo kufika dukani.

Angalia ni nani atakayeuza chipu ya laptop: ni Intel. Jambo hilo halikutokea kwa bahati, na nitalirudia tukifika kwenye leseni.

Mfano wa AMD na ATI unastahili kutazamwa kwa karibu, maana watu wanaukumbuka kwa matunda yake ya leo na kusahau miaka ya shida iliyotangulia. Tarehe 24 Julai 2006 AMD ilitangaza kuinunua ATI, kampuni ya Kanada yenye makao Markham, Ontario, kwa takriban dola bilioni 5.4. Kati ya hizo, bilioni 4.2 zilikuwa taslimu na zilizobaki zililipwa kwa hisa. AMD haikuwa na taslimu ya kutosha, ikakopa bilioni 2.5 kutoka Morgan Stanley. Siku tatu tu baada ya tangazo, Intel ikazindua Core 2 Duo, prosesa iliyoziacha mbali zile za AMD kwa kasi na kwa ulaji wa umeme. Deni likaja wakati uleule mauzo yalipoanza kushuka. Ununuzi ulikamilika tarehe 25 Oktoba 2006. Mwaka uliofuata kadi kubwa ya ATI, Radeon HD 2900 XT, ilichelewa hadi Mei, na prosesa mpya za AMD za viini vinne zilitoka na kasoro katika TLB, sehemu inayotafuta anwani za kumbukumbu. AMD ikafunga mwaka 2007 kwa hasara ya dola bilioni 3.4 hivi, sehemu kubwa yake ikiwa ni kufuta vitabuni thamani ambayo ATI ilinunuliwa nayo na sasa haikuwapo tena.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo wachambuzi wengi huipita. ATI ilikuwa ikitengeneza chipseti, yaani chipu za ubao mama zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine, kwa ajili ya prosesa za Intel. Ilipokuwa mali ya AMD, biashara hiyo ikakauka. Nvidia nayo, iliyokuwa mshirika mkubwa wa AMD kwa chipseti za nForce, ikajikuta inamuuzia mshindani wake. Hili ndilo jambo la kwanza la kuuliza kila unaposikia uvumi wa muungano wa aina hii: kampuni inayonunuliwa inamuuzia nani leo, na je, mteja huyo ataendelea kununua kesho akijua pesa zake zinakwenda kwa mpinzani?

Upande wa kiufundi ulichelewa zaidi ya wa fedha. Siku ununuzi ulipokamilika, AMD iliahidi chipu moja yenye prosesa na michoro pamoja, mpango ulioitwa Fusion, itoke mwishoni mwa 2008 au mwanzoni mwa 2009. Ilitoka Januari 2011. Kwa nini? Prosesa za AMD zilitengenezwa kwenye kiwanda chake cha Dresden, Ujerumani, kwa teknolojia ya SOI, ambamo transista hukaa juu ya tabaka jembamba la kihami. Chipu za ATI zilitengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa silikoni ya kawaida. Usanifu wa chipu hauhamishwi kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine hivihivi. Kila kiwanda kina kanuni zake za upana wa waya, umbali kati ya transista, na umeme unaovuja, na kila timu ina programu zake za usanifu. Kuhamisha chipu za michoro za ATI kwenda SOI kulimaanisha kuzisanifu upya kwa sehemu kubwa.

Ndiyo maana chipu ya kwanza ya Fusion ilikuwa ile ndogo yenye viini vya Bobcat, iliyotengenezwa TSMC, mahali ambapo chipu za michoro za ATI zilikuwa nyumbani tayari. Ile kubwa, Llano, ilifika katikati ya 2011 kwa nanomita 32 za SOI. Kiwanda cha GlobalFoundries kikashindwa kutoa chipu nzima za kutosha, na Septemba mwaka huo AMD ikalazimika kushusha makadirio yake ya mapato. Kiwanda chenyewe hakikuwa tena cha AMD. Madeni yalikuwa yameilazimisha kuvitenga viwanda vyake mwaka 2009 na kuvikabidhi kwa kampuni mpya iliyogharamiwa na Abu Dhabi.

Madeni hayohayo yaliiuza sehemu ya ATI ambayo leo pengine iko mfukoni mwako. Januari 2009 AMD iliiuzia Qualcomm, mtengenezaji wa chipu za simu za Snapdragon, kitengo cha michoro ya simu kwa dola milioni 65. Qualcomm ikakiita Adreno, herufi zilezile za Radeon zikiwa zimechanganywa. Kila simu yenye Snapdragon ina Adreno. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa ghali kuliko yote katika hadithi nzima, ingawa kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta pesa za kulipa riba sijui ingechagua nini kingine.

Matunda yalikuja 2013, PlayStation 4 na Xbox One zilipotoka zote zikiwa na chipu ya AMD. Chipu ya PlayStation 4 ilikuwa na viini vinane vya prosesa na michoro ya Radeon vikitumia kumbukumbu moja ya GB 8 za GDDR5, yenye kasi ya GB 176 kwa sekunde. Intel wakati huo haikuwa na michoro ya nguvu hiyo, na Nvidia haikuwa na prosesa ya x86. Wa kuleta vyote viwili alikuwa AMD peke yake. Tangu ununuzi hadi hapo ni miaka saba.

Sasa turudi kwa Intel na Nvidia. Kizuizi cha kwanza ni leseni ya x86. Intel na AMD zina mkataba wa kutumiana hataza (haki za uvumbuzi), uliofanywa upya Novemba 2009 zilipomaliza kesi zao na Intel ikalipa dola bilioni 1.25. Mkataba huo unavunjika wenyewe endapo kampuni mojawapo itabadili mmiliki. Wengi hudhani sharti hilo linaibana AMD tu. Linaibana Intel vilevile, kwa sababu maagizo ya biti 64 ambayo kila prosesa ya Intel ya kompyuta hutumia leo yalibuniwa na AMD na kutoka na prosesa yake ya Opteron mwaka 2003. Anayeinunua Intel nzima atalazimika kukaa mezani na AMD kabla hajauza hata prosesa moja kwa utulivu. Nvidia yenyewe haina leseni ya x86. Januari 2011 Intel ilikubali kuilipa Nvidia dola bilioni 1.5 kumaliza ugomvi wao wa chipseti, wakapeana hataza, lakini x86 ikaachwa nje kwa maandishi.

Hapo ndipo unapoona kwa nini chipu ya laptop itauzwa na Intel. Mwenye leseni ndiye anayetengeneza na kuuza, na Nvidia inaleta kipande chake cha michoro. Hakuna kampuni iliyobadili mmiliki, kwa hiyo mkataba wa AMD haujaguswa. Ni mpango uliofikiriwa na mawakili wazuri.

Kizuizi cha pili ni mamlaka za ushindani. Muungano mkubwa wa chipu hupelekwa kwa wakaguzi kadhaa kwa wakati mmoja. Marekani husubirisha siku 30 kwanza, kisha inaweza kudai nyaraka zaidi na kuurefusha uchunguzi kwa miezi. Umoja wa Ulaya huanza na siku 25 za kazi, na ikiona tatizo huongeza 90. China ina hatua tatu za siku 30, 90 na 60, na tangu 2022 inaruhusiwa kusimamisha saa katikati. China ndiko mikataba mingi inakofia. Qualcomm ilisubiri ruhusa ya kuinunua NXP, kampuni nyingine ya chipu, hadi Julai 2018, haikuipata, ikalipa fidia ya dola bilioni 2. Intel ilisubiri ya kuinunua Tower, yenye viwanda vya chipu, hadi Agosti 2023, nayo ikaachana na mpango na kulipa dola milioni 353.

Nvidia inalijua hili kwa uchungu wake yenyewe. Septemba 2020 ilikubaliana na SoftBank, mmiliki wa Arm, kuinunua Arm, wabunifu wa prosesa zilizomo karibu katika kila simu, kwa dola bilioni 40. Uingereza ikafungua uchunguzi, Ulaya ikafuata, na Desemba 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ikafungua kesi ya kuuzuia. Hoja ilikuwa moja: Arm humuuzia kila mtu, wakiwemo wapinzani wa Nvidia, na wapinzani hao huionyesha Arm siri za bidhaa zao miaka kadhaa kabla hazijatoka. Nani angeendelea kuonyesha siri zake kwa kampuni ya Nvidia? Februari 2022 mpango ukafa, na SoftBank ikabaki na dola bilioni 1.25 zilizotangulizwa. Lakini Nvidia ilibaki na leseni ya Arm ya miaka 20, ikatengeneza prosesa yake ya seva, Grace, na kuiunganisha na chipu zake za michoro kwa kiungo kinachopitisha GB 900 kwa sekunde. Karibu yote iliyoyahitaji kiufundi ikayapata bila kununua kampuni. Kuungana na Intel, muuzaji mkubwa zaidi wa prosesa za kompyuta, kungeibua hoja ileile kwa ukali zaidi, maana AMD hushindana na wote wawili.

Miungano iliyopita kimyakimya ni ile midogo. Juni 2006, mwezi mmoja kabla ya AMD kuitangaza ATI, Arm iliinunua Falanx, kampuni changa ya Trondheim, Norwei. Kazi ya Falanx ndiyo michoro ya Mali, na simu nyingi za bei nafuu za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli huko Nairobi zina Mali ndani. Arm haikuhitaji kuhamisha kiwanda wala kukopa mabilioni, kwa sababu zote mbili zilikuwa zinauza usanifu wa chipu, si chipu zenyewe. Njia ya kinyume imejaribiwa pia: Imagination, mbunifu wa michoro wa Uingereza, ilinunua kampuni ya prosesa za MIPS mwaka 2013 kwa dola milioni 100. Soko la simu lilikuwa limeshachagua Arm. Apple ilipotangaza 2017 kwamba itaacha kutumia michoro ya Imagination, hisa zikaporomoka, MIPS ikauzwa kwa milioni 65, na Imagination yenyewe ikauzwa.

Kwa mnunuzi wa laptop kama wewe, mfano wa maana kuliko hiyo yote ni ule ambao wengi wameusahau. Novemba 2017 Intel ilitangaza chipu yenye prosesa yake na kipande cha Radeon cha AMD kwenye msingi mmoja, pamoja na GB 4 za kumbukumbu ya HBM2. Ilipotoka mwanzoni mwa 2018 ilikuwa nzuri kweli: katika umbo lake kubwa ilikula wati 100, na kumbukumbu yake ilipitisha GB 204.8 kwa sekunde, wakati RAM za kawaida za laptop za mwaka ule zilipitisha chini ya GB 40. Siku mbili baada ya tangazo, Intel ikamwajiri Raja Koduri, aliyekuwa mkuu wa michoro AMD, aijengee michoro ya kwake. Oktoba 2019 Intel ikatoa notisi ya kuifuta chipu ile.

Kilichowaumiza wateja baada ya hapo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia chipu ya michoro. Michoro ilikuwa ya AMD, lakini iliyouza chipu na kutoa draiva ilikuwa Intel. Wenye Radeon za kawaida walipata draiva mpya mara kwa mara, na wenye chipu hii wakabaki nyuma kwa miezi mingi. Programu ya kuhariri inapodai draiva mpya kuliko uliyonayo, huzima msaada wa chipu ya michoro, na mzigo wote ukarudi kwa prosesa. Ukinunua laptop iliyotumika kutoka Dubai au Ulaya, kagua jina la prosesa: i5-8305G, i7-8705G, i7-8706G, i7-8709G na i7-8809G ndizo hizo. Zimo kwenye Dell XPS 15 ya kujikunja namba 9575 na HP Spectre x360 ya inchi 15. Usizichanganye na i5-1035G1 na ndugu zake za kizazi cha 10, ambazo michoro yake ni ya Intel mwenyewe.

Sasa ununue nini? Kazi yako ni video, na hapo laptop ya kawaida yenye prosesa ya Intel na kadi ya RTX tayari inakupa sehemu kubwa ya kile ambacho chipu ya pamoja inaahidi. Michoro ndogo iliyomo ndani ya prosesa ya Intel ina kitengo cha kufungua na kufunga video kiitwacho Quick Sync, na kadi ya Nvidia ina chake. Vinasaidiana. Kama kamera yako inarekodi H.265 ya biti 10 kwa 4:2:2 (muundo unaohifadhi rangi nyingi zaidi), Intel za kizazi cha 11 na kuendelea huifungua kwa kitengo hicho, wakati kadi za Nvidia zilizotangulia RTX 50 haziifungui. Ndiyo maana mtu mwenye RTX 3060 anaweza kushangaa video inakwama huku kadi imetulia. Kwa kompyuta ya mezani epuka prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, maana hazina michoro ya ndani. Kwa laptop za michezo, angalia kama kuna mpangilio wa kutumia kadi ya Nvidia peke yake. Ukiuwasha, mara nyingi michoro ya Intel huzimwa na Quick Sync hutoweka.

Chukua RAM ya GB 32, vijiti viwili vya 16. Kijiti kimoja cha DDR5-5600 kinapitisha GB 44.8 kwa sekunde, viwili vinapitisha 89.6, na michoro ya ndani hutegemea kasi hiyo hiyo. Kadi ya RTX 4060 ya mezani ina kumbukumbu yake inayopitisha GB 272. Ukiona RTX 4060 ya laptop uliza wati: Nvidia inaruhusu kuanzia 35 hadi 115, na mashine mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana sana kwa muda wa kutoa video. Kabla hujalipa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, fungua kurasa za skrini, usome jina la chipu ya michoro, kumbukumbu yake na tarehe ya draiva. Draiva ya miaka mitatu nyuma ambayo haikubali kusasishwa ni sababu tosha ya kuiacha mashine hiyo mezani.

Chipu za Intel zenye RTX zikifika dukani, chunguza mambo mawili kabla ya kutoa pesa. La kwanza, draiva inapatikana kwenye tovuti ya Nvidia pamoja na za kadi nyingine za RTX, au inatolewa na Intel na mtengenezaji wa laptop tu? La pili, RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao? Ryzen AI Max+ 395 ya AMD, mjukuu wa ile Fusion, inapata GB 256 kwa sekunde kwa sababu RAM yake imechomewa ubaoni karibu na chipu. Ukinunua GB 32 utakaa na 32, na RAM ikifa fundi hana kijiti cha kuchomoa.